Wakazi wa Ndani ya Umari

Mtaa wa Nyuma ya Majaruba ya Chumvi,
Vedaranyam,
Wilaya ya Nagapattinam,
Tamil Nadu.

Jumapili, 9 Machi 2003

Mpendwa mwanangu Malarkodi,

Barua hii ikukute umekaa kitako, miguu umeinyoosha, na mtu mwingine ndiye anayepika. U hali gani, mama? Mgongo umepungua kuuma? Vifundo vya miguu vinavimba jioni? Na huyo aliye tumboni, anacheza, au ni mvivu kama baba yake siku za mapumziko? Usinijibu "hatujambo" halafu ukageuza ukurasa kama mara iliyopita. Nataka kujua unakula nini, unalalia ubavu upi, na kama harufu ya samaki bado inakukimbiza. Marehemu mama yako alipokuwa na mimba yako alitapika mpaka mwezi wa saba, kisha siku moja akala samaki wakavu sahani nzima, kama anayelipiza kisasi.

Mimi ni mzima. Ukungu wa jicho la kushoto haujaongezeka wala haujapungua. Mng'ao wa chumvi miaka ishirini na miwili lazima uchukue chake. Mbuzi amezaa mapacha, wote majike. Paa nimelirudishia makuti mapya kabla ya mvua za Novemba, kwa hiyo safari hii tumelala pakavu.

Ile barua yako ya Desemba ilifika katikati ya Januari, siku mbili kabla ya sikukuu ya mavuno, Pongal. Najua umenuna kwa kuwa sikujibu, na una haki. Nilianza kuandika mara tatu, mara tatu nikachana. Kukosa la kusema sikukosa. Nilikuwa na jambo moja tu moyoni, nalo lilikuwa halisemeki. Sasa linasemeka. Tulia nikusimulie.

Ulipoolewa nilikuwa bado nakokota chumvi. Hii kazi ya kituo cha utafiti niliipata baada yako, nikakuandikia kwamba naosha vyombo, nawe ukadhani ni vyombo vya chakula. Sivyo. Naosha visahani vya kioo na mirija ya kioo ambamo wataalamu wanaotesha bakteria, yaani vile vijidudu visivyoonekana kwa jicho. Siku ya kwanza waliponionyesha mtambo wao wa kuchemshia vyombo nilicheka mpaka nikaziba mdomo kwa sari. Ni sufuria ya presha, Malar! Kubwa kidogo tu kuliko ile uliyopewa harusini. Wanapika humo mchuzi mwepesi, wanaugandisha kwa utomvu wa mwani, wanaumimina visahanini, na vijidudu vinakaribishwa kula. Govindarasu, mlinzi wetu ambaye pia anatunza stoo, kila asubuhi lazima achungulie: "Dada Anjalai, leo vijidudu wanakula nini? Wakibakiza, nikumbuke."

Mwezi wa Novemba, katikati ya mvua, akaja binti mmoja kutoka Madurai, jina lake Vasuki. Mwavuli umevunjika, sanduku limejaa vitabu, umri sawa na wako. Alipewa chumba palepale kituoni. Siku ya nne nikagundua kwamba anakula biskuti asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu kupika hajui. Nikaanza kumpelekea wali na mchuzi. Naye akaanza kuniita Shangazi. Sitakuficha, lile neno lilinishika. Tangu uondoke, humu nyumbani sijaitwa jina lolote la kuitikia.

Vasuki alikuja kwa ajili ya umari. Unaukumbuka umari, ule mmea wa kando ya majaruba, hauna majani, umejaa viungo vya nyamanyama kama vidole vya mtoto? Tulikuwa tunautafuna tukienda kazini, chumvi tupu. Unasimama kijani kibichi mahali ambapo mche wa mpunga ungekufa kabla ya adhuhuri. Vasuki aliniambia kwamba huenda umari haujitegemei peke yake. Ndani ya shina lake, katikati ya ile nyama, wanaishi bakteria wasiouumiza, na inadhaniwa kwamba wao ndio wanaousaidia kuistahimili chumvi. Alitaka kuwatoa, awajue ni akina nani, kisha awaulize kama wako tayari kuusaidia na mpunga.

Nikamwambia, "Kumbe tangu utotoni nilikuwa natafuna wapangaji wa watu?"

"Umewatafuna, Shangazi, na hawajakushtaki."

Tulikwenda kuuchuma pamoja. Mimi pekupeku, yeye na mabuti. Buti moja mpaka leo liko matopeni.

Sasa sikiliza jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, maana bila hilo hutaelewa kilichonipata. Vasuki aliukata umari vipande vya urefu wa pingili ya kidole. Akaviosha kwa spiriti, akaviosha kwa dawa ya kutakatishia nguo, ili kila kilichoko nje ya ngozi ya mmea kife. Kisha akavisuuza mara tano kwa maji yaliyochemshwa. Ndipo akavitwanga na kupaka utomvu wake kwenye kisahani. Lakini kila mara alichukua tone la yale maji ya mwisho ya kusuuzia, akaliweka kwenye kisahani chake peke yake. "Huyu ndiye shahidi wangu," aliniambia. Kisahani cha shahidi kikibaki kitupu, basi kilichoota kwenye vingine kimetoka ndani ya mmea. Shahidi naye akiota, basi uchafu wa nje haukuisha, na kazi yote ni bure.

Shahidi aliota. Kila mara. Vidoa vidogo vya rangi ya manjano, kama mtu amenyunyiza binzari, kwenye visahani vya utomvu na kwenye cha shahidi vilevile. Vasuki akaongeza dawa. Safari hiyo hakikuota kitu popote, si kwa shahidi wala kwenye utomvu. Akapunguza dawa, binzari ikarudi kote. Desemba yote ikaenda hivyo. Nilikuwa nikimkuta asubuhi ameinamia visahani kama mama anayesikiliza mtoto mgonjwa anavyopumua.

Wiki moja baada ya Pongal akaja msimamizi wake, Dakta Seshadri, anayefika hapa kila baada ya wiki chache kutoka chuo kikuu. Mzee nadhifu, shati halina hata kunyanzi. Akaangalia visahani, kisha akauliza nani anaosha vyombo.

"Mimi, bwana," nikasema.

"Nyoosha mikono."

Nikainyoosha. Mikono yangu unaijua. Chumvi iliichimba nikiwa msichana na haijafukika tena. Hakunigusa. Alitoa kalamu mfukoni, akaonyesha mipasuko kwa ncha yake, mmoja mmoja, bila kugusa ngozi.

"Tazama mifereji hii," akamwambia Vasuki. "Humu mna uchafu wa miaka. Miezi yote hii umekuwa ukichunguza mikono ya mfagizi." Kisha akamwambia kwamba kama hatakuwa na matokeo safi mpaka mwisho wa Machi, hataweka sahihi ya kumruhusu aendelee mwaka wa pili.

Nilimtazama Vasuki. Alikuwa anatazama sakafu.

Siku hiyohiyo nikapewa ufagio wa uani, na kuosha vyombo kukakabidhiwa Govindarasu. Maskini, alikuja kunililia: "Dada, mimi nyumbani hata kikombe changu cha kahawa sijawahi kukiosha!" Wiki ya kwanza alivunja mirija kumi na mmoja.

Malar, mimi nimetukanwa sana majaruba, na matusi ya kule yananipita kama upepo. Lakini neno uchafu ni jingine. Hukuikuta wewe ile glasi iliyokuwa ikitundikwa kwenye msumari nje ya kibanda cha chai, glasi ya watu wa tabaka letu, tusichanganye midomo na wengine. Mimi niliikuta. Nilikuwa na miaka tisa nilipomuuliza bibi yako kwa nini sisi tuna glasi yetu. Akaniambia, "Kunywa chai, itapoa." Ndilo jibu alilokuwa nalo.

Jioni ile nilikwenda kisimani nikanawa mikono kwa majivu. Nikanawa kwa sabuni. Nikaisugua kwa ukwaju kama watu wanavyong'arisha shaba. Jirani yetu Kunjammal ndiye aliyeninyang'anya ndoo. "We mwanamke, unaosha au unajichuna? Unataka tukuzike bila ngozi?" Akanishika akanirudisha nyumbani, akalala kwangu, mumewe akajipikia. Zile barua za kukujibu nilizichana siku hizo.

Zikapita siku kumi. Nilifagia ua, Vasuki akapita kando yangu macho chini. Nikaacha kumpelekea wali. Nakiri, nilimnyima chakula mtoto wa watu kwa makusudi. Nilimwona anakonda, nikafagia kwa nguvu zaidi.

Siku ya kumi na moja, Ijumaa alasiri, nilikuwa mlangoni nimepanga bamia za mchuzi wa jioni. Nikaona kivuli. Vasuki amesimama juani.

"Shangazi."

Nikaendelea kuchambua bamia.

"Niliogopa, Shangazi."

"Uliogopa nini? Ana meno ya mamba?"

"Asiposaini narudi nyumbani. Baba alinipa mwaka mmoja. Watu wa mchumba wamekwisha kuja mara mbili."

"Kwa hiyo mikono yangu ndiyo ikulipie nauli ya kubaki."

Akalia. Sikumkaribisha. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Nilijua, Shangazi. Kila siku naacha visahani vitatu bila kuweka kitu chochote, kupima usafi wa vyombo. Vyote umeviosha wewe, na havikuwahi kuota kitu. Hata kimoja, tangu Novemba. Nilijua palepale alipokuwa anakuonyesha kwa kalamu. Nikanyamaza."

Sikujua nimpige au nimkumbatie. Mwenye kosa akija na kosa lake mwenyewe mkononi, anakuacha huna cha kumnyang'anya. Nikamwambia, "Kaa chini. Machozi hayapiki. Kata hizo bamia."

Akakaa, akafuta pua, akakata. Alikata zote, vipande vizuri tu, halafu akazibeba zote na kuzitumbukiza kwenye beseni la maji kuziosha.

Nikapiga kelele. "We mtoto! Nani kakufundisha kuosha bamia zilizokatwa? Utelezi wote umeumwaga majini! Bamia inaoshwa nzima, inapanguswa, ndiyo inakatwa!"

Akainua mkono kutoka kwenye beseni. Utelezi ukaning'inia vidoleni kama uzi. Akautazama. Akautazama muda mrefu hata nikadhani jua limempiga.

"Shangazi," akasema polepole, "mimi umari nauosha umekatwa."

Nikamwambia basi, kumbe hata huo umari huupiki vizuri. Lakini alikuwa hanisikii, amesimama, anaongea kama anayehesabu. Kwamba vile vipande vina ncha mbili zilizo wazi. Kwamba kila anaposuuza, kilichomo ndani kinavuja kwenye maji, na yale maji ndiyo anayompa shahidi. Kwamba akiongeza dawa, dawa inaingia kwa jeraha lilelile na kuwaua wenyeji wa ndani. Kwamba shahidi hakuwa anasema uongo wakati wote huo, ni yeye aliyekuwa anamsikia vibaya.

"Si uchafu," akasema. "Ni wao. Ni wao wenyewe."

Bamia zile tulizila usiku, zimepoteza ladha yote, na Vasuki alikula sahani mbili.

Kesho yake alfajiri tulikwenda majaruba. Nilimkataza asivute kwa haraka. Umari ukiuvuta kama unang'oa gugu unakatika shingoni. Unalainisha tope kwanza, unapitisha vidole chini, unausubiri uachie. Nilitoa mimea tisa mizima na mizizi yake. Pale ulipochubuka kidogo, Vasuki aliziba kwa nta ya mshumaa. Tulipofika kituoni akaniwekea beseni mbele yangu. "Osha wewe, Shangazi. Simtaki mwingine." Govindarasu akatoa mikono majini haraka kama aliyesamehewa deni, akaenda kusimama getini, atuambie gari la Dakta likitokea.

Tukaosha umari mzima, bila kuukata. Tone la mwisho likaenda kwa shahidi. Ndipo Vasuki akapasua shina kwa kisu kilichopitishwa motoni, akachukua nyama ya katikati tu.

Kisha nikamwambia naomba na mimi kisahani kimoja. Nikabonyeza vidole vyangu kumi juu ya ule mchuzi ulioganda. Vasuki akabonyeza vyake kwenye kingine. Govindarasu hakukubali kuachwa, ila kwanza alijipangusa sana kwenye shuka lake la kiunoni. "Nisije nikaaibisha ukoo," alisema.

Vinawekwa kwenye kabati la joto siku tatu. Siku tatu zile, Malar, nilipika nikasahau chumvi. Mimi! Anjalai wa majaruba!

Siku ya tatu asubuhi Vasuki alinisubiri, hakufungua peke yake. Akatoa kwanza kisahani cha shahidi, akakiinua dirishani. Kilikuwa kitupu. Kitupu kama maji ya kunywa. Akatoa cha nyama ya umari: vidoa vya binzari, vingi, vimekaa kwa raha kama watu kwenye ua wao. Kisahani cha Govindarasu kilikuwa msitu. Alikitazama akasema lazima vimebadilishwa. Changu kilikuwa na vidoa vichache vyeupe na vya kijivu. Cha Vasuki karibu sawa na changu. Kwenye vile vya mikono yetu binzari haikuwemo hata nukta.

Vasuki alicheka, akalia, akataka kuinama kunishika miguu. Nikamzuia. Mkononi alikuwa bado ameshika shahidi, na kile kioo nimekiosha mimi.

Nilidhani atampigia Dakta simu palepale. Hakupiga. Alisema jambo likitokea mara moja si ukweli bado, ni bahati tu. Tukarudia mara tano, kila mara umari wa mahali pengine: kando ya mfereji, karibu na hekalu dogo, kwenye majaruba yaliyoachwa. Mara tano shahidi akanyamaza na umari ukasema.

Dakta Seshadri alikuja tarehe ishirini Februari. Mimi nilikuwa nje na ufagio wangu, chini ya dirisha, nafagia mahali ambapo palikwisha kuwa safi. Nilimsikia Vasuki. "Mwalimu, kabla hujaviangalia hivi, kuna jambo nilipaswa kulisema Januari." Akalisema lote. Visahani vitatu vya kila siku. Kwamba alijua vyombo ni safi, na akaogopa. Kwamba kosa la kukata lilikuwa lake, na adhabu ikaenda kwa mwingine.

Nikasikia kiti kinavutwa. Alikaa akaangalia visahani kimoja kimoja kwa kioo cha kukuzia, nadhani saa nzima, mpaka mgongo wangu ukaniuma kwa kuinama.

"Wazo la kutokata limetoka wapi?" akauliza.

"Kwa Shangazi Anjalai, Mwalimu. Na kwenye bamia."

"Kwenye nini?"

"Bamia, Mwalimu."

Nikainuka nikachungulia. Halafu, bila mtu kumwambia, akavuta kisahani kitupu, akabonyeza vidole vyake kumi, akaandika jina lake na tarehe juu ya kifuniko, akakiweka kabatini mwenyewe. Akaingia garini akaondoka. Mimi nilirudishiwa kazi yangu kesho yake kwa karatasi yenye mhuri.

Kisahani chake kiliota, Malar. Na kiliota manyoya. Vasuki alitaka kukitupa kwa heshima yake. Nikamwambia mwache mtu asome barua yake.

Alhamisi iliyopita akarudi. Akakitoa kabatini, akakitazama, akakirudisha taratibu. Nilikuwa ndani ya chumba cha kuoshea. Nikaona mtu amesimama mlangoni. Amevua viatu. Ametandaza mikono yote miwili mbele, viganja juu, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkali.

"Mama Anjalai," akasema, "nikague. Naruhusiwa kuingia?"

Nyuma yake Govindarasu alikohoa kama anayezama.

Mimi sikucheka. Niliiangalia ile mikono. Laini, kucha zimekatwa vizuri, na inatetemeka kidogo, ya mtu mzee kuliko nilivyodhani. Nikamwambia, "Sabuni iko kushoto, bwana."

Akanawa mpaka viwikoni. Nikampa kitambaa, akakipokea kutoka mkononi mwangu, vidole vikagusana. Samahani hakuisema. Huenda ni neno ambalo halimo katika lugha zake zote anazozijua. Lakini alinawa kama alivyoambiwa, kwa subira, na mimi nimelipokea hivyo.

Sahihi ya mwaka wa pili ameiweka. Baba yake Vasuki amekasirika, kisha akauliza kama huo umari unalika.

Na kuhusu mpunga, kwa kuwa najua utauliza: Vasuki alichovya mbegu kwenye maji yenye wale wenyeji wa binzari, akazipanda kwenye makopo na kuzinywesha maji ya chumvi, pamoja na nyingine ambazo hazikuchovywa. Zote zilikufa. Ila zilizochovywa zilisimama siku tisa zaidi. Yeye anasema ni mwanzo mdogo sana na hautoshi kuandikwa popote. Mimi niliyesimama kwenye chumvi namwambia siku tisa si haba.

Sasa nikujibu ulichoniuliza Desemba, ambacho ndicho hasa kilichonifanya nichane karatasi. Uliniomba nije huko kwenu Penang, ng'ambo ya bahari, mwezi wa Mei kumpokea mtoto, na ukasema mumeo Ilango atakata tiketi. Kunjammal nilimpa visingizio: macho, mbuzi, ndege inayopita juu ya bahari. Akaniambia naongea upuuzi, nami nilijua.

(Aya hii usimsomee mama mkwe wako.) Siku ya harusi yako nilikuwa nimebeba sinia la maua na manjano ya kukupaka. Mama yake Ilango akalipokea mikononi mwangu, kwa upole kabisa, akasema, "Acha dada, wengine watabeba." Mimi ni mjane, na mjane hagusi vitu vya bibi harusi; tena ni wa majaruba, mikono yenyewe unaiona. Hakuwa na ubaya. Ndivyo alivyofunzwa, na chakula alitulisha vizuri. Nikaificha mikono ndani ya sari. Baadaye ulipokuwa umekaa na mumeo, nilikuona unanitafuta kwa macho katikati ya watu. Nilikuwa nyuma ya ile migomba iliyofungwa mlangoni. Nilikuona, Malar, na sikutoka. Miaka minne nimelala na jambo hilo. Nisamehe.

Ijumaa nimekwenda mjini kupiga picha ya pasipoti. Nimetoka kama mtu aliyekamatwa akiiba kuku, lakini mpiga picha anasema serikali inapenda hivyo. Kituoni wamenipa ruhusa ya siku arobaini. Vasuki atakula kwa Kunjammal na atawaangalia mbuzi, na Govindarasu ameapa hatagusa mrija hata mmoja mpaka nirudi.

Basi usitafute mtu mwingine wa kumwogesha mtoto. Mtafutie mafuta ya ufuta ya kupasha moto na kibao kifupi cha kukalia. Nitakaa chini, nitanyoosha miguu, nitamlaza juu ya miundi yangu kama nilivyokuwa nakulaza wewe baada ya mama yako kutuacha. Ulikuwa unapiga kelele mtaa mzima unasikia, kisha unalala kabla sijamaliza kukufuta. Magaga ya miguu yangu hayatamdhuru. Mtoto mchanga hajui ngozi. Anajua joto tu, na kama aliyemshika anatetemeka au hatetemeki.

Msalimie sana mumeo Ilango, mwambie tiketi akate, asibadilishe mawazo. Msalimie wifi yako Sumathi na watoto wake. Na mama mkwe wako mpe heshima zangu zote. Mwambie namletea achari ya maembe mabichi, nimeikata na kuichanganya kwa mikono yangu mwenyewe. Huku Kunjammal anakubusu mashavu yote mawili. Vasuki, ambaye hamjuani, anakuita dada na kuomba ruhusa ya kuendelea kuniita Shangazi. Nimempa bila kukungoja.

Mungu akufungulie salama, akupe usingizi, amlete huyo mgeni akiwa na mapafu ya kulia kama yako. Mwambie leo, ukiwa umeshika tumbo, kwamba nakuja.

Ni mimi nikupendaye kuliko nijuavyo kuandika,
Mama Mkubwa wako,
Anjalai